Tulivyomfikisha Mzee Shomari Melini Reli Ilipokatika

Vijana wangu, wiki iliyopita mjukuu wangu mmoja alikuja kwangu hapa Kilakala anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Treni haiendi, mvua imeharibu njia, na kesho yake anatakiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam. Alijitupa kwenye kiti changu akashika kichwa.

Nikamwuliza, "Njia imekatika wapi?"

Hajui.

"Ng'ambo ya palipokatika kuna nini?"

Hajui.

"Nani wanaitengeneza?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza habari za mwezini. Nilimpeleka kwa mwenye lori la nyanya, akafika salama, ndege akapanda. Lakini niliona haya kwa niaba yake. Mtu amesoma, ana viatu vizuri, halafu treni ikisimama na akili yake inasimama papo hapo. Ndiyo sababu nimekaa niandike haya, mkono ungali unashika kalamu.

Wengi wenu mnaniona nikienda msikitini na fimbo yangu na hamjui mnampita nani. Nilizaliwa juu milimani, upande wa Mgeta, ambako baba yangu alilima maharage kwenye mteremko ambao mbuzi akijikwaa anaokotwa bondeni. Hakuna aliyenishika mkono. Nilishuka mwenyewe, nikaenda pwani mwenyewe, nikaingia shule kule Tanga nikiwa mkubwa kuliko wote darasani, nikatoka na cheti chenye mhuri wa tai. Kipo ukutani mpaka leo, njooni mkione. Niliporudi Morogoro, enzi ya Wajerumani, reli ikiwa bado mpya, nilikuwa na koti jeupe la vifungo vya shaba na Kijerumani ambacho Bwana Stesheni mwenyewe alikisifu. Wasichana wa mjini walikuwa wanakuja dirishani kuuliza nauli ya kwenda Mikese, na hawakuwa na shida yoyote Mikese.

Kazi yangu ilikuwa tiketi, mizigo na simu ya waya, ile ya kugonga herufi kwa alama. Hiyo ya waya ndiyo niliyoipenda. Nilifundishwa na karani mmoja Mgoa, mtu mkavu, mla tambuu, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja, na mimi nilikuwa nastahili. Aliniambia, "Mjinga anasikiliza herufi. Wewe sikiliza mkono wa mtu." Alikuwa na maana kwamba kila mpiga simu ana namna yake ya kugonga: mmoja anakimbia, mwingine anakokota, mwingine anasita kabla ya neno refu. Nilijifunza hata nikawa najua aliye upande wa pili kabla hajajitaja. Hapa Morogoro hapakuwa na mwingine mwenye sikio lile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Sasa kuna jambo moja la zamani lazima mlijue, maana bila hilo mtashangaa. Kabla ya reli, mtu wa Morogoro akienda pwani alikwenda kwa miguu, na msafara. Na msafara ulikuwa na desturi yake: siku ya kwanza hamwendi mbali. Mnatoka mjini kwa kelele na ngoma, mnatembea kidogo, mnalala karibu. Aliyesahau chungu anarudi kukichukua. Aliyeanza kuumwa anarudishwa kwao. Aliyegombana na mkewe anapata nafasi ya kurudi kupatana. Kesho yake ndiyo safari inaanza. Ilikuwa desturi nzuri, ya watu wenye akili.

Reli ilipokuja, watu wakaipanda pamoja na desturi ile. Wazee walikuwa wanakata tiketi ya Dar es Salaam, wanaagwa kwa vifijo, halafu stesheni ya mbele tu wanashuka na magodoro yao kulala safari ya kwanza! Treni inaondoka, wao wanakoka moto. Tuliwaeleza. Tulipiga kelele dirishani. Walitusikiliza kwa adabu, kisha wakashuka.

Hayo ndiyo yaliyompata Mzee Shomari.

Mzee Shomari alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na nguo pale sokoni, Mluguru mwenzangu, mwembamba, magoti mabovu, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Maisha yake yote alikuwa anajiandaa kwenda kuhiji. Mwaka ule akawa tayari. Alizunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa kila mtu ambaye yeye alipata kumkosea, na kwa wachache ambao wao ndio waliomkosea yeye. Wanawake walilia. Mkewe, Bi Zena, alimfungia mkate wa kumimina kwa safari. Tukampandisha treni.

Nawaambia mnielewe: mtu aliyeombana radhi na mji mzima hawezi kuonekana tena wiki hiyo hiyo sokoni anapima chumvi. Na meli ya kumfikisha Uarabuni kabla ya siku za hija ilikuwa moja tu. Ikimwacha, ni mwakani. Na ukimtazama Mzee Shomari akipanda ngazi za behewa, goti moja, pumzi, goti la pili, pumzi, ulijua kwamba kwake neno "mwakani" lilikuwa neno la kubahatisha.

Akashuka Mikese. Alale safari ya kwanza.

Vuli ya mwaka ule ilinyesha kama masika. Usiku ule mvua ilipiga milima yetu mpaka mito yote ikashuka na magogo. Asubuhi simu ikaanza kugonga kutoka Mikese, na nilijua mara moja kwamba karani wa kule ana homa, maana mkono wake ulikuwa unatetemeka. Tuta la reli limechukuliwa na maji upande huu wa Mikese. Na upande wa mbele, daraja la mto Ngerengere limevunjika. Mikese imebaki katikati, kama kisiwa.

Bwana Stesheni alivuta ndevu. Kulikuwa na mfuko wa barua za meli ambao lazima uende.

"Nani atapeleka?" akauliza.

Makarani wenzangu wakatazama viatu vyao. Nikasema, "Mimi." Sikusema kwa ajili ya barua. Nilikuwa nimemkatia Mzee Shomari tiketi kwa mkono wangu, na Bi Zena alikuwa amesimama nje ya dirisha langu tangu alfajiri, haulizi kitu, amesimama tu.

Nilipotoka aliniambia, "Mwanangu, usimrudishe."

"Na ikishindikana, Bibi?"

"Mimi nimeshalia. Sina machozi mengine ya kumwagia mtu yule yule."

Nikashika njia ya zamani ya misafara. Hapa nawapa elimu bure: ukitembea kwenye tope, viatu viweke begani, si kwa sababu ya viatu bali kwa sababu ya vidole. Kidole kinajua tope lipi lina mwisho na lipi halina. Na usifuate tuta la reli baada ya mvua. Juu linaonekana zima, chini limeliwa. Nimeona watu wenye elimu wakitumbukia mpaka kifuani kwa kuwa walidhani reli haiwezi kudanganya. Nyimbo za wapagazi nazo zilikuwa na kazi yake, si kujifurahisha. Pumzi ya kupanda na pumzi ya kushuka zilikuwa ndani ya wimbo. Mimi niliimba ninachokijua, majedwali ya hesabu ya Tanga kwa Kijerumani, na wakulima mashambani waliacha majembe kunitazama.

Mikese nilimkuta Mzee Shomari amekaa juu ya sanduku lake penye ukuta wa stesheni, tasbihi mkononi, kanzu kavu kabisa. Sijui aliwezaje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani. Treni yako iko wapi?"

"Haipo, Mzee. Njia imekatika. Lakini wewe ulishuka kwa nini?"

"Safari ya kwanza hulalwa karibu. Hukufundishwa kwenu?"

"Treni si msafara, Mzee wangu."

"Nimeona," akasema. "Msafara ulikuwa unafika."

Nikaingia chumba cha simu. Karani wa Mikese alikuwa amelala sakafuni chini ya blanketi, meno yanagongana. Nikamruka, nikakaa kwenye mashine, nikaita upande wa Ngerengere nikiomba nguzo za waya ziwe bado zimesimama. Kimya. Nikaita tena. Ndipo jibu likaja, na alama ya mwisho ya kila neno ilivutwa kidogo, kama mtu anayekaza kamba ya kiatu. Nilicheka peke yangu. Nilimjua! Alikuwa mwenzangu wa Tanga, tuliyelala naye chumba kimoja. Kumbe ametumwa pamoja na treni ya kutoka Dar es Salaam, nayo imesimama ng'ambo ya daraja lililovunjika, inangoja barua za meli. Itaondoka alasiri. Haiwezi kungoja zaidi, meli inang'oa nanga asubuhi.

Nikamgongea: barua zinakuja, na mtu mmoja, msiondoke.

Akajibu: mtu gani?

Nikagonga: Hujaji.

Kisha akagonga: njooni haraka.

Hapo sasa, kati ya Mikese na Ngerengere, reli ilikuwa nzima. Na juu ya reli hiyo kulikuwa na kiberenge cha kusukuma kwa mikono, kimenaswa katikati kama sisi, pamoja na genge la Wanyamwezi wanaotengeneza njia. Nyapara wao aliitwa Maganga, pande la mtu, sauti ya kusikika vilima viwili. Nikamwonyesha mfuko wa barua wenye lakiri. Akaitika kwa kichwa, sawa, barua zitapanda. Nikamwonyesha Mzee Shomari.

"Abiria hapana," akasema. "Amri ya Bwana Mkubwa. Kiberenge ni cha vyuma, majembe na posta. Abiria akianguka nachapwa mimi."

Nikamweleza kwa Kiswahili kizuri. Nikamweleza mimi ni nani. Nikataja cheti. Maganga alinisikiliza akichokoa meno kwa kijiti.

"Karani," akasema, "fimbo ya Bwana Mkubwa haijui kusoma."

Ndipo Mzee Shomari akainuka kutoka kwenye sanduku lake akapaza sauti. "Huyo anayebweka ni Mnyamwezi?"

Genge zima likageuka. Maganga akatupa kijiti. Uso wake ulibadilika, ukafunguka.

"Na hicho ninachokisikia ni Mluguru?" akasema. "Umefuata nini huku bondeni, mlima umekutapika?"

"Nimekuja kuwatazama punda wangu wa Tabora kama wamelishwa."

"Punda wanakula. Wanakula ndizi za Waluguru, wenyewe wakiwa wanatazama."

Nyinyi mliozaliwa juzi mnaujua utani kwa jina tu. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu siku za misafara, walipokuwa wanapita chini ya milima yetu na mizigo yao. Mtani anakutukana na hukasiriki. Mtani anachukua kuku wako na humshtaki. Lakini pia mtani ndiye anayekushughulikia ukifa: anachimba, anabeba, na anatania hata pale kaburini ili watu wasizidiwe na kilio. Hawezi kulikwepa hilo. Akilikwepa, ni aibu kwake mpaka kwao Unyamwezi.

Mzee Shomari alilijua hilo kuliko mimi na Maganga tukiunganishwa. Alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe, kipya, kilichokunjwa vizuri. Mwenye kuhiji anasafiri na sanda yake. Akakitandaza kwenye kokoto kando ya reli, akalala juu yake chali, magoti yakilia, akajifunika mpaka kidevuni.

"Mzee, unafanya nini?" nikauliza.

"Nakufa," akasema. "Umri ninao, kifua kibovu, mvua hii, na meli ikiniacha sina sababu ya kuamka. Bahati yangu watani wangu wako hapa na majembe mkononi. Chimbeni, vijana. Sanda ninayo mwenyewe, sitawasumbua."

Genge likaangua kicheko. Maganga hakucheka. Alikuwa anatazama ardhi, ambayo ilikuwa maji matupu, na nilimwona anapima kichwani kazi ya kuchimba kaburi mahali pale.

"Mluguru, ondoka kwenye njia yangu."

"Maiti haondoki."

"Nikikuzika nachukua koti la huyu karani."

"Chukua na suruali."

"Mzee!" nikasema.

"Wewe nyamaza, wewe ni mfiwa."

Maganga alijishika kiuno. Alitazama jua, akatazama mfuko wa barua, akamtazama mzee pale chini, macho yamefumbwa na midomo inasoma dua kimyakimya. Na nadhani ni ile midomo iliyomshinda. Utani ulikuwa utani, lakini dua ile haikuwa ya utani. Mzee alikuwa anaomba kwa nguvu zake zote.

Maganga akasema polepole, "Amri inasema abiria. Maiti hakutajwa." Kisha akapaza sauti, "Mbebeni mtani wenu!"

Wakamnyanyua wanne, pamoja na sanda na sanduku, wakamlaza juu ya kiberenge katikati ya majembe. Nikakaa kichwani kwake na barua. Genge likaanza kusukuma huku likikimbia. Vijana, nimepanda magari, nimepanda hata ndege mara moja nilipostaafu. Sijapata kwenda kwa raha kama siku ile.

Katikati ya njia tukakutana na msimamizi, Mgiriki mnene, anakuja kwa miguu na mwavuli. Akanyoosha mkono tusimame. Tukasimama. Mzee Shomari alivuta sanda juu ya uso wake kabla hajaambiwa.

"Nani huyu?" Mgiriki akauliza.

"Mtani wetu, Bwana," Maganga akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Ilikuwa ni kicheko alichokibana, lakini Mgiriki angejuaje? Alivua kofia. Alisimama kidogo ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Peleka haraka. Jua kali, yeye haribika."

Wakasukuma mpaka magurudumu yakapiga kelele.

Daraja la Ngerengere lilikuwa limelala majini, na vyuma vya reli vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Ng'ambo treni ilikuwa inatoa moshi. Genge lilikuwa limeshafunga kamba kutoka ukingo mpaka ukingo. Maganga alivua shati, akachuchumaa mbele ya Mzee Shomari.

"Panda, maiti."

Mzee akapanda mabegani. Wakaingia majini. Mimi niliwafuata mfuko ukiwa kichwani, mkono kwenye kamba, maji kifuani, na koti langu jeupe halikuwa jeupe tena mpaka lilipochakaa. Katikati maji yalivuta. Niliona mguu wa Maganga ukiteleza, akazama mpaka mdomoni, na sanda ya Mzee ikagusa mto. Hakuna aliyetania. Maganga alisimama pale pale, macho ameyafumba, akitafuta jiwe kwa vidole vyake vya miguu. Nilisikia Mzee akimwambia kwa upole, "Taratibu, mwanangu. Ukichoka niache, wewe una watoto."

Maganga akatema maji. "Nikikuacha nitakuchimbia wapi, baharini?"

Akalipata jiwe. Akapanda.

Mwenzangu wa Tanga alitupokea upande wa pili. Treni ikaondoka hata hatujakaa sawa, na asubuhi nilimshika Mzee Shomari mkono bandarini Dar es Salaam, akaingia kwenye mashua ya kwenda melini. Goti moja, pumzi, goti la pili, pumzi. Hakugeuka nyuma. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama nikipunga mkono kama mjinga mpaka meli ikatoka nje ya lango la bandari.

Watu huwa wananisifu kwa safari ile, na nazipokea sifa, kwa kuwa bila sikio langu treni ile ingeondoka. Lakini nawaambieni mlio makazini: ukiwa karani, wajue watu wa genge kwa majina na kwa makabila. Siku njia nzima ikikatika, wao tu ndio waliopo pale ilipokatika.

Alirudi miezi mingi baadaye, Haji Shomari sasa, mwembamba zaidi, uso unang'aa. Nilikuwa na posta kwenye treni iliyomleta. Mji mzima wa Morogoro ulikuwa unamngoja stesheni kwa dufu na uvumba. Tulipofika Ngerengere, ambako genge lilikuwa likimalizia daraja jipya, Haji akashuka. Dereva alipiga honi, alitukana kwa lugha mbili. Haji alitembea taratibu juu ya kokoto mpaka kwa Maganga, akampa kidebe kidogo kilichozibwa kwa nta.

Maganga hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Alikitikisa karibu na sikio.

"Nini hiki?"

"Zamzam," Haji akasema. "Maji ya Makka. Nimeyabeba kifuani njia nzima. Wako watu mjini wanaongojea tone moja tu, na hicho kidebe ni chako peke yako."

Maganga akageukia genge lake. "Mnamsikia Mluguru? Mimi nilimtoa majini. Amekwenda mpaka mwisho wa dunia kunitafutia zawadi, ameniletea maji!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na Haji alicheka nao, mkono kwenye goti. Kisha Maganga akaibandua ile nta kwa ukucha, akavua kofia yake, akakaa juu ya reli. Alikunywa polepole, kidogo kidogo, mpaka yakaisha, na hakumgawia mtu.